Mafunzo ya utamaduni wa Waaborijini kwa chama cha Waswahili Shepparton: tuanzie wapi?

MamaBaraka_Shepp

Habari zenu wanajukwaa.

Chama chetu hapa Shepparton, jimbo la Victoria, Australia (wengi ni Wakongo na Warundi, wachache Watanzania na Wakenya) kimekubaliana kwamba viongozi na watu wa kujitolea wote wapate mafunzo ya utamaduni wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii. Hatutaki yale ya saa moja kwenye kompyuta halafu cheti. Tunataka kukaa na wenyewe, kwenye ardhi yao, siku nzima au hata mbili.

Watakaohudhuria ni 22: kamati, walimu wa masomo ya ziada ya watoto siku za Jumamosi, na kinamama wa kamati ya misiba. Kama saba hivi Kiingereza chao hakiwatoshi kufuata mazungumzo marefu. Tuna Wakristo wa makanisa tofauti na Waislamu. Fedha tutaomba ruzuku, kwa hiyo bajeti lazima iandikwe mapema.

Naomba kujua: tumwandikie nani? Tumetajiwa Yorta Yorta Nation, tumetajiwa Rumbalara, na kuna kampuni ya Melbourne imetutumia bei yake. Gharama zipi husahaulika? Siku yenyewe ipangwe vipi? Na ni mambo gani huharibu shughuli kama hii?

---

Lwamba_VIC

Salamu, Mama Baraka. Hao watatu mliotajiwa wana kazi tofauti kabisa, na wengi hukwama hapo mwanzoni kabisa.

Yorta Yorta Nation Aboriginal Corporation ni shirika la wenye ardhi. Chini ya Sheria ya Urithi wa Waaborijini ya Victoria ya mwaka 2006, ndilo linalotambuliwa kusemea urithi wa eneo lenu. Ule ukaribisho unaoitwa Welcome to Country, na matembezi yoyote ya kufundishwa msituni Barmah, yapitie kwao. Rumbalara, iliyopo Mooroopna, ni ushirika wa huduma: afya, makazi, matunzo ya wazee, familia. Huhudumia Waaborijini wote wa eneo hilo, wakiwemo waliohamia kutoka ardhi nyingine. Mfanyakazi wake anaweza kuwafundisha mambo mengi mazuri, lakini kama si mtu wa ardhi hiyo hawezi kuwakaribisha juu yake, naye mwenyewe atakataa. Mkimlazimisha mnamtia aibu mbele ya wazee wa pale. Zipo pia familia zinazojitambulisha kuwa Bangerang, na kituo cha utamaduni chenye jina hilo kipo hapo hapo Shepparton. Msiingilie suala la nani ni nani. Kila mtu mwiteni anavyojitaja.

Ramani maarufu ya AIATSIS, taasisi ya utafiti wa Waaborijini iliyopo Canberra, ni nzuri kubandika ukutani, lakini yenyewe imeandikwa kwamba haionyeshi mipaka kamili. Kwa Victoria tumieni ramani rasmi ya mashirika yaliyosajiliwa chini ya sheria hiyo ya 2006.

Jambo moja wanachama walijue kabla ya kukutana na mzee yeyote. Wayorta Yorta walifungua kesi ya kudai haki ya asili ya ardhi (native title) mwaka 1994. Mwaka 1998 jaji alisema "wimbi la historia" limezifuta mila zao, na Mahakama Kuu ya Australia ikakataa rufaa yao tarehe 12 Desemba 2002. Kutambuliwa kwao leo kunatoka kwenye sheria ya urithi na kwenye makubaliano na serikali ya jimbo, hakukutoka kwenye kesi ile. Watu waliolelewa na wazee wao kwenye mto ule ule waliambiwa mahakamani kwamba wamekatika na mila zao. Asije mtu wenu akauliza katikati ya duara, "Kwani kesi si mlishindwa?"

Kuhusu kampuni ya Melbourne, iulizeni mambo matatu. Ni ya nani (kama imesajiliwa Supply Nation au Kinaway, wanaoorodhesha biashara za Waaborijini, watawaonyesha). Nani hasa atasimama mbele yenu, na ni mtu wa taifa gani. Na ni kiasi gani cha hiyo bei kitawafikia wazee wa Yorta Yorta. Melbourne ni ardhi ya Wawurundjeri na Wabunurong. Kampuni ya huko inaweza kuwapa msingi wa historia ya nchi nzima, lakini ya Dhungala na Kaiela, yaani mito Murray na Goulburn, si yao kuyasema.

Barua iwe ukurasa mmoja. Semeni ninyi ni nani, mko wangapi, lugha zenu, kwa nini mnataka mafunzo, mtafanya nini baadaye, na kiasi mlichotenga. Wekeni tarehe tatu za kuchagua. Msiwapangie ratiba, waulizeni wao wanaonaje. Itumeni wiki nane hadi kumi kabla, kisha pigeni simu, kwa sababu ofisi hizi zina watu wachache na kazi za ukaguzi wa urithi ni nyingi. Kimya chao mara nyingi ni wingi wa kazi tu. Epukeni 26 Mei hadi 3 Juni (Siku ya Sorry na Wiki ya Maridhiano) na wiki ya NAIDOC, ya kusherehekea utamaduni wa Waaborijini, inayoanza Jumapili ya kwanza ya Julai. Wakati huo kila shule na kila benki inawataka wazee hao hao. Tarehe 26 Januari, ambayo kwa wengi wao ni ya maombolezo, msiiguse kabisa.

Sasa fedha. Bei zenyewe waulizeni wao, kila shirika lina yake. Ukaribisho peke yake kwa kawaida ni mamia ya dola, na siku nzima ya mafunzo ni maelfu. Yanayosahaulika ni haya: mzee wa pili (ni vizuri awepo mwanamume na mwanamke, maana kuna mambo ya wanawake ambayo mwanamume hayasemi, na kinyume chake), usafiri wa wazee kwenda na kurudi, mkalimani, muda wa mkufunzi wa kukutana nanyi kabla ya siku yenyewe, na akiba ya angalau asilimia 10.

Halafu kodi. Mzee asiye na namba ya biashara, ile ABN, mkimlipa zaidi ya dola 75 sheria inataka mzuie asilimia 47. Kama analofanya si biashara kwake, kuna fomu ya ofisi ya kodi iitwayo Statement by a supplier. Anajaza, anasaini, mnaihifadhi, mnamlipa kamili. Iandaeni mapema, si mezani siku ile huku mzee anasubiri. Muulizeni pia anapenda kulipwa vipi, kwa sababu anayepokea msaada wa serikali kupitia Centrelink analazimika kutangaza kipato hicho. Na lipeni siku ile ile. Chama kidogo kikianza kusema "ankara hulipwa baada ya siku 30" kwa mzee wa miaka 75, hicho ndicho kitakachokumbukwa.

---

Bi_Tatu

Naongeza la moshi, kwa sababu ndilo litakalowagawa watu wenu msipoliandaa.

Kwenye ukaribisho mara nyingi huwa na ufukizaji: majani mabichi ya miti ya hapo huwekwa juu ya moto mdogo, moshi ukapanda mzito, na wageni wakapita ndani yake. Makusudi yake ni kusafisha mahali na watu na kuwakinga wanaoingia. Kwa Mpentekoste wa Bukavu au Mwislamu wa Tanga hilo linaweza kuonekana kama tambiko. Msilifiche mpaka siku yenyewe. Wiki mbili kabla, kwenye kikao cha Kiswahili, elezeni kitakachofanyika na semeni wazi kwamba kupita kwenye moshi ni hiari. Asiyetaka husimama pembeni kwa heshima, bila kukunja uso, bila kuanza kukemea. Mwambieni mkufunzi mapema kwamba baadhi watasimama pembeni. Wazee hawachukizwi na hilo. Kinachowachukiza ni watu kunong'onezana na kucheka.

Mwenye pumu asimame upande ambao upepo unatokea. Ufanyike nje, mbali na vitambua moshi vya ukumbi. Na wakati wa kiangazi, yaani Novemba hadi Machi hivi, ulizeni shirika kuhusu vibali vya moto. Siku ikitangazwa kuwa ya marufuku kamili ya moto, ufukizaji unaahirishwa na ukaribisho wa maneno unabaki. Msibishane.

Chakula: agizeni kwa mpishi Muaborijini kama yupo, na mwambieni mahitaji yenu. Nyama ya kangaruu inayouzwa hutokana na wanyama waliopigwa risasi porini, kwa hiyo Waislamu wenu wengi hawataila. Ombeni samaki na mboga, na mikate yenye viungo vya miti ya huku. Kuleta sambusa na maandazi yenu ni vizuri sana, ilimradi isiwe badala ya kumlipa mpishi wao.

---

MamaBaraka_Shepp

Asanteni sana, ndugu Lwamba na Bi Tatu. La kesi ya 2002 hakuna hata mmoja kwenye kamati aliyelijua.

Mawili bado. Mkalimani: akae na wale saba pembeni akiwanong'oneza, au atafsiri kwa wote? Na je, siku moja inatosha?

---

Mwalimu_Wagga

Dada, kunong'ona kwenye duara kunaua shughuli. Mzee anazungumza polepole, anaacha kimya kirefu katikati, na kimya hicho ni sehemu ya anachofundisha. Sauti ya chini ikiendelea pembeni, anadhani hamsikilizi. Tafsiri iwe ya zamu: mzee anasema maneno machache, mkalimani anayasema, wote wanasikia. Maana yake muda unakuwa mara mbili, kwa hiyo punguzeni mada nusu. Kosa la kawaida ni kubakiza ratiba ileile ya muda wa saa sita, ikifika saa nane mchana mko theluthi ya kazi na mzee anaharakishwa.

Chukueni wakalimani wawili wenye cheti cha NAATI (mamlaka ya vyeti vya wakalimani nchini) wapokezane, mmoja hachukui siku nzima bila kuchoka na kuanza kufupisha. Ulizeni kama anaelewa Kiswahili cha Kongo, na kama wazee wenu wa Kirundi watamfuata. Wapeni maneno magumu siku tatu kabla: haki ya asili ya ardhi, Vizazi Vilivyoibwa (watoto Waaborijini walionyang'anywa familia zao), mamlaka ambayo hayajawahi kukabidhiwa. Kama kuna neno mkalimani anataka kulitumia kwa Waaborijini lenye harufu ya "watu wa porini" au "watu wa kale", likataeni hapo hapo.

Kuhusu muda, ningegawa mara tatu badala ya siku mbili mfululizo.

Kwanza, kikao cha saa mbili cha ninyi wenyewe kwa Kiswahili, wiki mbili kabla. Hapo mweleze historia ya msingi, ili msimpotezee mzee muda kwa mambo yanayopatikana vitabuni: kufika kwa meli za Waingereza Sydney 26 Januari 1788, madai kwamba nchi haikuwa na mwenyewe, hukumu ya Mabo ya 3 Juni 1992 iliyoyavunja madai hayo, kura ya maoni ya 1967 ya kuwahesabu Waaborijini kwenye sensa na kuruhusu serikali ya shirikisho iwatungie sheria, iliyopita kwa zaidi ya asilimia 90, na ile ya 14 Oktoba 2023 ya kuwapa chombo cha kulishauri bunge, iliyoshindwa. Kuhusu hii ya mwisho, mtu asimuulize mzee alipiga kura gani. AIATSIS wana kozi ya mtandaoni, wanaojua Kiingereza waipitie na kuwasimulia wenzao.

Kwenye kikao hicho hicho, gaweni karatasi tupu. Kila mtu aandike maswali yake kwa Kiswahili bila jina. Yatakuja yale yanayosemwa chumbani: mbona wengine ni weupe, mbona serikali inawapa kila kitu, mbona pombe. Watu wetu wamefika nchi hii na maneno hayo wameyakuta yakisubiri, kazini na kwenye basi. Yatafsirini yote, msiyalainishe, mpeni mkufunzi wiki moja kabla, achague yeye lipi atajibu na vipi. Swali likija kwenye karatasi, ni kazi ya mkufunzi. Likirushwa usoni pa bibi aliyenyang'anywa mama yake, ni jeraha.

La rangi ya ngozi lijibiwe ninyi kwa ninyi kabla ya siku. Uaborijini kwa kawaida hutambuliwa kwa mambo matatu pamoja: nasaba, mtu mwenyewe kujitambua hivyo, na jamii yake kumkubali. Sera za serikali zilikusudia kabisa kuwamaliza kwa kuwachanganya na kuwahamisha watoto, hasa wenye ngozi nyeupe zaidi. Kumuuliza mtu "una asilimia ngapi" ni kuendeleza hesabu ya maofisa wale wale.

Pili, siku yenyewe. Kama wenye ardhi wataridhia, umbo linaloshika vizuri kwa watu 22 ni hili. Saa tatu asubuhi ukaribisho. Kisha duara moja, viti bila meza, hadi saa sita, watu wawili au watatu tu wa kuzungumza. Chakula kirefu, angalau saa moja na nusu, maana mazungumzo ya kweli huwa hapo. Mchana matembezi ya taratibu, saa mbili zisizidi. Saa kumi watu waondoke. Kama mtakuwa zaidi ya 25, gaweni makundi mawili siku mbili tofauti. Duara likizidi hapo linageuka mkutano wa hadhara.

Historia ya kuomba iwe ya hapo hapo. Kambi ya Cummeragunja iko ukingo wa pili wa Murray, upande wa New South Wales, mkabala na Barmah. Watu walihamishiwa hapo mwaka 1888 kutoka misheni ya Maloga, wakafyeka, wakalima ngano, kisha vipande walivyokuwa wanalima wakapokonywa na bodi ya serikali. Kwa sheria ya 1909 na marekebisho ya 1915, bodi hiyo ikapata nguvu ya kuchukua watoto bila kupita mahakamani, na wasichana wakapelekwa Cootamundra kufundishwa utumishi wa ndani. Tarehe 4 Februari 1939 familia nyingi ziliamua zimechoka na njaa na ukali wa meneja. Wakavuka mto kuingia Victoria. Wengi wao baadaye waliishi kwenye nyanda za mafuriko kati ya Mooroopna na Shepparton, kwenye vibanda vya mabati na magunia, wakichuma matunda na kufanya kazi ya kusindika. Mashamba hayo ya matunda ndiyo Waafrika wengi wanayochuma leo. Mwanachama wenu akilijua hilo, ataitazama barabara ya kwenda kazini kwa macho mengine.

Mjue pia majina. William Cooper, Myorta Yorta, alikuwa mmoja wa walioongoza Siku ya Maombolezo ya 26 Januari 1938, na Desemba mwaka huo huo akaongoza ujumbe kwenda ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne kupinga mateso ya Wayahudi. Doug Nicholls, mzaliwa wa Cummeragunja, akawa gavana wa South Australia mwaka 1976. Na mwalimu wa watoto wa Maloga na Cummeragunja kwa miaka mingi, Thomas Shadrach James, alikuwa mzaliwa wa Mauritius. Wanafunzi wake ndio walioandika barua na maombi kwa serikali. Kwa watu wa Bahari ya Hindi, huyo ni mlango mzuri wa mazungumzo.

Cummeragunja yenyewe ni ardhi ya baraza la ardhi la Waaborijini wa hapo, chini ya sheria ya New South Wales ya 1983. Ni makazi ya watu, si makumbusho. Basi lenu lisivuke daraja na kuingia bila ruhusa yao, hata kama Yorta Yorta Nation wamewakubalia matembezi ya Barmah.

Msituni Barmah: ni kama saa moja kwa gari kutoka Shepparton. Baridi na masika ya huku mto hufurika na njia hufungwa, kwa hiyo ulizeni hali wiki hiyo. Msikae chini ya mikaratusi mikubwa myekundu, huangusha matawi bila upepo. Mbu ni wengi na wanaambukiza magonjwa, vaeni mikono mirefu na mjipake dawa. Mtaonyeshwa miti yenye kovu refu ubavuni ambako gome lilibanduliwa kutengeneza mtumbwi. Msiishike bila kuambiwa, na msiokote jiwe wala kipande cha kitu chochote. Kuharibu urithi ni kosa la jinai.

---

Bi_Tatu

Mwalimu, umesahau upande wa waliokimbia vita. Kwenye hao 22 kuna watu walioona mauaji Kivu, waliopotezana na watoto. Wakisikia habari za watoto kunyang'anywa na mauaji ya Waaborijini kama yale ya Myall Creek, New South Wales, ya 1838, mambo mawili hutokea. Mmoja anafunga mdomo na anaumwa kichwa wiki nzima. Mwingine anasimama na kusema, "Hata sisi, tena kwetu ilikuwa mbaya zaidi," na duara lote linageukia kwake.

La kwanza: tafuteni mtu wa ushauri awepo au awe kwenye simu. Foundation House inahudumia wakimbizi walioteswa hapa Victoria, waulizeni mapema. Wazee na wakufunzi nao wana laini yao ya simu ya Waaborijini, 13YARN. Mtu aruhusiwe kutoka nje bila kueleza.

La pili: mwenyekiti aseme asubuhi kwamba siku hii ni ya kusikiliza, na kwamba siku nyingine wazee wakitaka watasikia yetu. Wengi hutaka, kwa kweli, na huuliza wenyewe wakati wa chakula.

Picha na sauti: simu zote mfukoni tangu ukaribisho. Mkitaka picha moja ya pamoja, ombeni mwisho, na mseme itakwenda wapi. Kikundi cha WhatsApp chenye watu 300 na mashangazi wa Goma si "matumizi ya ndani". Hadithi aliyosimulia mzee ni mali yake na ya watu wake. Msiiweke kwenye slaidi zenu wala msiirudie kanisani kama yenu. Na mtu aliyefariki, jina na picha yake msivitumie mpaka familia iseme sawa.

Kukitokea msiba kwao, mafunzo yanaahirishwa, hata asubuhi ya siku yenyewe. Hilo sisi tunalijua vizuri, lakini mtoa ruzuku na mwenye basi hawalijui. Liandikeni kwenye mkataba: kuahirisha kwa sababu ya msiba hakuna faini, na malipo ya awali ya mzee hayarudishwi. Kamati yenu ya misiba iulize kama rambirambi inafaa, na ya namna gani.

---

Kisauni_Perth

Nachangia kwa walio majimbo mengine wanaosoma uzi huu. Perth ni ardhi ya Wanoongar wa Whadjuk, na baada ya makubaliano makubwa ya kusini-magharibi kuna mashirika sita ya kanda. Anzeni na la kwenu. New South Wales, baraza la ardhi la mahali ndilo mlango wa kwanza, lakini wanachama wake wanaweza kuwa si wenye ardhi wote, kwa hiyo ulizeni. Matembezi huku hupangwa kwa majira sita ya Kinoongar. Mkiyaomba wakati wa Kambarang, Oktoba na Novemba, maua yamefunguka na nyoka nao wametoka, vaeni viatu vya kufunika.

Halafu wazo: kwa Waswahili, mnaweza kufungua siku na zile sarafu za Kilwa. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu tisa kisiwani Marchinbar, kaskazini mwa Arnhem Land, na tano kati yake zilitambuliwa kuwa za shaba kutoka Kilwa. Watu wakilisikia hilo hufurahi sana.

---

Lwamba_VIC

Kaka Kisauni, sarafu ni za kweli, lakini mimi nisingeanza nazo. Marchinbar ni ardhi ya Wayolngu, upande wa pili kabisa wa bara. Hakuna ushahidi wa namna zilivyofika, na dakika tano baadaye mtu atasema "kumbe sisi tulifika kabla ya Wazungu". Mzee wa Yorta Yorta aliyekuja kuzungumzia mto wake atakuwa anasikiliza habari za ukuu wetu. Ziwekeni kwenye kikao chenu cha Kiswahili, kama mnazitaka.

Ndivyo ilivyo hata kwa didjeridu na picha za nukta. Didjeridu, ile ala ndefu ya kupuliza, asili yake ni kaskazini, na nukta zimetoka jangwani. Sanaa ya kusini-mashariki ni ya mistari na michoro ya almasi, kama ile iliyochorwa kwenye mavazi ya ngozi za posamu, mnyama mdogo wa mitini. Moja ya mavazi machache ya zamani yaliyobaki, la mwaka 1853 kutoka Maiden's Punt, ambako sasa ni Echuca, ni la Wayorta Yorta na liko kwenye makumbusho ya Melbourne. Mkiona mkufunzi anawapa brashi mchore nukta Shepparton, ulizeni kwa nini. Na walimu wa Jumamosi wasiwape watoto zoezi hilo.

Hao walimu wa Jumamosi ndio sababu nyingine ya kufanya haraka. Tangu 1 Julai 2022 Victoria ina viwango 11 vya usalama wa watoto, na cha kwanza kinadai mazingira salama kiutamaduni kwa watoto Waaborijini. Kinawahusu hata vyama vidogo vinavyohudumia watoto. Siku ya mafunzo peke yake haitoshi. Mnahitaji sera iliyoandikwa, mtu wa kupokea malalamiko ya ubaguzi, na kumbukumbu kwamba kamati iliijadili. Haijalishi kama leo hamna mtoto Muaborijini darasani. Itajeni sababu hii kwenye ombi la ruzuku, inasaidia.

Ombi hilo likiwauliza kuhusu mpango wa maridhiano (Reconciliation Action Plan) wa shirika la Reconciliation Australia, jibuni kwamba bado. Una ngazi nne, unaanza na Reflect, na kwa chama kisicho na mfanyakazi hata mmoja ni makaratasi mengi kuliko matokeo. Angalieni pia kifupi chake, RAP, ni kile kile kinachotumika kwa mashirika ya wenye ardhi yaliyosajiliwa (Registered Aboriginal Party). Andikeni kirefu kwenye barua zenu.

Sehemu ya tatu ambayo Mwalimu hakuifikia ni baada ya siku. Ndani ya wiki mbili kaeni dakika 45, mchague mambo matatu tu, kila moja na jina la mtu na tarehe. Kwa mfano: utambuzi wa ardhi (maneno mafupi ya kuwatambua wenye ardhi) usomwe kwa Kiswahili kila mkutano unapoanza, mwakilishi ahudhurie shughuli za NAIDOC za mjini kama mgeni, asiende kuomba meza, familia zilipe kiingilio na kutazama mechi za klabu ya Rumbalara. Kisha waandikieni Yorta Yorta Nation ukurasa mmoja wa asante wenye hayo matatu, bila ombi lolote ndani yake.

Utambuzi, mkitaka pa kuanzia: "Tunatambua kwamba tumekutana kwenye ardhi ya Wayorta Yorta, ambao hawajawahi kuikabidhi kwa yeyote. Tunawaheshimu wazee wao waliotangulia na walio hai." Waonyesheni kabla ya kuutumia. Ausome mtu anayejua kutamka majina, na asubiri watu wakae kwanza.

---

MamaBaraka_Shepp

Nimenakili yote. Barua tunaiandika Jumapili, tunaomba tarehe tatu za Septemba na Oktoba. Mwalimu, kama una orodha ya maneno kwa ajili ya wakalimani, tafadhali nitumie kwa ujumbe wa ndani.

---

Mwalimu_Wagga

Nakutumia leo usiku, dada. Kwa Septemba na Oktoba ombeni na ukumbi wa akiba mjini, mto huwa juu miezi hiyo na Barmah inaweza kufungwa.